Kabla ya kutafuta chambo, katafute choo cha huyo mla kuku

Mkuu, nimesoma maelezo yako yote na picha nimeziangalia. Una kuku 120 huko Mkuranga, tisa wameuawa au kuchukuliwa na mnyama usiyemjua ndani ya wiki mbili, umenunua kizimba cha wavu, umeweka utumbo wa kuku siku nne mfululizo, na ulichonasa ni paka wa jirani, tena mara mbili. Wadau hapo juu wamekwambia weka samaki, weka yai, na mmoja kasema weka sumu. Huyo wa sumu nitamrudia. Mimi nilipita humo humo mwaka 2019 kule Kisarawe na nikapoteza kuliko wewe, kwa hiyo nivumilie, jibu langu ni refu.

Kosa langu lilikuwa kama lako. Niliona manyoya yametapakaa, nikasema huyu mla kuku, basi nimtegee kuku. Utumbo, vichwa, miguu, kila nilichobakiwa nacho siku ya kuchinja kiliingia kizimbani. Usiku wa kwanza paka. Usiku wa pili sisimizi walikuwa wengi mpaka chambo kimegeuka rangi. Usiku wa tatu hakuna kitu, na asubuhi tetea wawili hawapo.

Jirani yangu ni mzee wa Kizaramo aliyekulia kwenye mapori yale. Alikuja kunipa pole, akatazama kizimba, akacheka. "Mjukuu wangu, bandani kuna kuku mia wazima, huku umeweka utumbo uliolala. Ungekuwa wewe ungeingia wapi?" Banda hakuliangalia kabisa. Akazunguka shamba na fimbo yake, akarudi na swali ambalo sikulitegemea: "Hivi mapapai yako anakula nani?"

Akanipeleka chini ya mkorosho karibu na njia ya kwenda mtoni. Palikuwa na lundo la kinyesi, si cha siku moja, kingine kikavu cheupe na kingine cha jana. Akakitawanya kwa kijiti. Mbegu za papai tele. Vipande vya jongoo, zile pete pete ngumu. Mabawa ya mende wa porini. Unyoya mmoja mmoja. "Fungo," akasema, "huyu ana choo chake, haendi kokote."

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Fungo huyu wa kwetu, wanaomwita pia paka wa zabadi ingawa si paka hata kidogo, anakula karibu kila kitu: matunda yaliyoanguka, wadudu, panya, vyura, mizoga, hata jongoo ambao wanyama wengi wanawakwepa kwa sababu ya ile sumu yao. Kuku kwake ni kitoweo cha bahati. Alikuwa anakuja shambani kwangu kila usiku kwa ajili ya mapapai, na akipita bandani akakuta upenyo, anaingia.

Kwa hiyo nikaweka papai. Lililoiva kupita kiasi, limepasuliwa katikati ili linukie, na juu yake dagaa wa kukaanga wachache. Mzee akanizuia nisitege kwanza. Nikaufunga mlango wa kizimba kwa waya ubaki wazi, nikamlisha bure usiku tatu: siku ya kwanza nje ya mlango, ya pili mlangoni, ya tatu ndani kabisa nyuma ya kikanyagio, kile kibao kinachofunga mlango mnyama akikikanyaga. Usiku wa nne nikaachia waya. Saa kumi alfajiri nikasikia kishindo.

Lakini usikimbilie sokoni kununua papai, maana hujui kama wako ni fungo. Kwenye picha yako ya tatu kuku wameachwa palepale, watatu, shingo zimeng'atwa na kichwa kimoja hakipo. Fungo angebeba mmoja akaondoka naye. Kuua wengi ndani ya banda na kuacha nyama ni tabia ninayoijua zaidi kwa kanu, yule mwembamba mwenye madoa na mkia mrefu wa pete. Kuku wakipaparika ndani ya chumba kidogo naye anaendelea kung'ata. Angalia nyayo kwenye vumbi ukimwaga majivu mlangoni jioni: za kanu ni ndogo kama za paka na kucha hazionekani sana, za fungo ni kubwa, za mviringo, na alama za kucha zipo.

Kama wanapotea mchana, sahau wote wawili. Mchana ni nguchiro au kenge, au mwewe. Nguchiro wa kundi, wale wenye michirizi mgongoni, chakula chao hasa ni mende, jongoo na vibuu wanavyochimbua ardhini. Kwenye banda wanafuata mayai na vifaranga. Yai wanalirusha kinyumenyume katikati ya miguu ya nyuma lipasuke kwenye jiwe, kwa hiyo utakuta maganda. Kenge analimeza zima, hubakiwi na ganda. Yai ni chambo kizuri kwa wote hao, ila kwa nguchiro lipasue kidogo litoe harufu, na mtego utegwe asubuhi ufungwe jioni. Yupo pia nguchiro mkubwa wa usiku mwenye mkia mweupe, anayetembea peke yake. Huyo kinyesi chake kimejaa mabaki ya mchwa na mende, na kwa yai au dagaa anakuja.

Mondo, yule paka wa porini mwenye madoa na miguu mirefu, simfundishi mtu kumtega. Kwanza anakula panya kuliko kitu kingine chochote, na anawinda kwa masikio yale makubwa, akisikiliza mchakacho kwenye nyasi ndipo aruke. Nyama iliyokufa haichakachi. Watu wanamwekea kuku hai kwenye chumba cha pili cha mtego, na kweli inafanya kazi, kwa kanu pia, lakini kuku anakaa usiku kucha akitetemeka na mimi sikuipenda. Nyegere ndiyo usithubutu. Wafuga nyuki wanajua kwamba sega kuukuu lenye majana, yaani watoto wa nyuki, humleta kutoka mbali, ila ukimtegea kwenye wavu wa kuku utaamka ukute ameondoka na mlango.

Kitu kingine: jamii ya paka, kuanzia paka wa nyumbani hadi mondo, chui na simba, hawaonji utamu. Kile kionjo cha sukari kwenye ulimi wao hakifanyi kazi tangu kuzaliwa. Hii ilinisaidia sana, kwa sababu papai liliondoa tatizo la paka wa jirani. Ila nilipoweka papai na dagaa, paka akafuata dagaa! Nikapunguza dagaa hadi wawili watatu waliosagwa na kupakwa ndani ya papai, paka hakurudi. Kwa hiyo kama unanasa paka kila siku, usimlaumu paka, badilisha chambo.

Sasa msimu. Huyo fungo wa kwanza nilimpata Septemba. Desemba mapapai yakaanza kuliwa tena na vifaranga wakaanza kupungua, na choo kile kile chini ya mkorosho kikawa kibichi. Nikaweka papai kama bingwa. Wiki mbili hakuna. Nikaenda kutawanya kinyesi: kokwa ndogo za matunda ya porini na nyuzi za maembe. Maembe yalikuwa yameanguka shamba zima, nani aingie kwenye kizimba kwa ajili ya papai moja? Nikabadilisha, kichwa cha samaki kilicholala siku mbili, kinanuka hasa. Akaingia usiku wa pili. Na mvua zikianza, usiku wa kumbikumbi, usijisumbue kutega chochote, kila mwenye mdomo porini ameshiba bure. Ninavyoona mimi, chambo kizuri ni kile anachokifahamu lakini wiki hiyo hakipati kwa urahisi. Kuku hai wakiwepo hatua kumi kutoka kwenye mtego, nyama ya kuku haiwezi kuwa hicho kitu.

Kuna wanaoamini harufu tu bila chakula, na si uongo. Mwaka 2018 huko India, jimbo la Maharashtra, maofisa wa misitu waliokuwa wanamsaka chui milia jike aliyeshukiwa kuua watu walijaribu kumvuta kwa manukato ya Calvin Klein, yale ya Obsession. Sababu ni kwamba ndani yake kuna kiungo kinachofanana na zabadi, mafuta ya tezi za huyu huyu fungo, ambayo Ethiopia wamekuwa wakiyauza kwa watengeneza manukato kwa miaka mingi. Nilicheka sana nilipojua kwamba harufu niliyokuwa nashindwa kuitoa kwenye kizimba changu watu wanajipaka shingoni.

Mambo madogo ya mtego wenyewe. Kizimba ulichopiga picha hakizidi sentimita 70, kinamfaa kanu na nguchiro. Fungo anaweza kufika kilo 15 na zaidi, mkia wake utazuia mlango usifunge. Changu cha pili nilichomelewa na fundi, urefu sentimita 120, kimo 50. Chambo kifungwe kwa waya kwa ndani, kisiguswe kutoka nje kupitia wavu. Sakafu ya kizimba ifunike kwa udongo na majani, wengi hawapendi kukanyaga chuma. Sisimizi niliwapunguza kwa kuning'iniza chambo kwa waya uliopakwa grisi chakavu. Ukinasa, tupia gunia juu ya kizimba atulie, na usiingize mkono hata akionekana kasinzia. Kichaa cha mbwa hakiko kwa mbwa peke yake.

Na hapa niseme wazi, mimi nilianza kimakosa. Mnyama wa kwanza nilimtega bila kumwambia mtu. Tanzania kukamata mnyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009. Nilipompigia afisa wanyamapori wa wilaya nikiwa tayari na fungo kizimbani alinisema, kisha akaja kumchukua. Wa Desemba nilipiga simu kabla, na mambo yalikwenda kistaarabu. Piga simu kwanza.

Ndugu yetu wa sumu: mwaka 2018 Uganda, kwenye hifadhi ya Queen Elizabeth, simba 11 walikutwa wamekufa kwa sumu, 8 kati yao watoto. Sumu haichagui. Anakufa uliyemkusudia, anakuja tai kumla naye anafuata, halafu mbwa wako, halafu kuku wako wanaodonoa funza kwenye mzoga. Na mwizi mwenyewe huenda asiguse.

Nikirudi kwenye picha zako. Kanu hapiti mbali na panya, ndiyo chakula chake kikubwa. Mimi nilipovamiwa na kanu mwaka uliofuata nilitega mara tatu bila mafanikio, mpaka nilipotambua kwamba chini ya stoo ya pumba palikuwa na panya wa kutosha kulisha kanu watano. Nikahamishia chakula cha kuku kwenye mapipa ya bati yenye mifuniko, nikaziba mashimo, nikapiga wavu wa matundu ya nusu inchi sehemu zote ambazo kichwa cha kanu kinaweza kupenya, maana kichwa kikipita mwili umepita. Na juu pia, huyu anapanda. Upenyo wangu ulikuwa kati ya ukuta na bati. Ndani ya wiki tatu hakuonekana tena, na sikumnasa. Kama bado unataka kutega, kwa kanu tumia panya aliyekufa usiku huo huo, mbichi, umburuze ardhini kutoka ukutani hadi kwenye kizimba. Panya aliyelala, kanu wangu alimkataa.

Kwa hiyo kesho asubuhi fanya hivi: zunguka shamba, tafuta kinyesi, kitawanye, piga picha uiweke hapa. Useme pia kuku wanapotea saa ngapi, na kama pumba unazihifadhi kwenye viroba au kwenye mapipa. Na hizo nyayo kwenye picha ya tano, umezipiga ukiwa umesimama mbali mno, weka kiberiti pembeni upige tena.