Jibu kwa wa Newala: mbuga ya maziwa kaskazini mkiwa wawili, na hela ya korosho

Mkuu umeuliza, wewe na mchumba mkishalipwa korosho mnataka siku tatu nne kaskazini kwenye hifadhi yenye maziwa mengi, mfuko si wa kitajiri na hujui uanzie wapi. Naona wengi wamekutupia Serengeti na Ngorongoro. Sibishani nao, ila kwa ulivyojieleza mimi nakwambia nenda Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ile yenye maziwa ya Momella. Nilienda na waifu Juni 2023 tukitokea Lindi, kwa basi, kwa hela ya mwalimu, kwahiyo haya ninayoandika yamenipitia mwilini.

Tuanze na safari maana watu wa huku kusini ndo tunapopigwa. Mtwara mpaka Dar ni kama kilomita 560, ukifika Dar hujafika popote, bado zaidi ya 600 kwenda Arusha. Sisi tulijifanya vijana tukaunganisha siku hiyohiyo, waifu miguu ikavimba kama mkate wa kumimina, siku nzima ya kwanza Arusha tumelala tu na gesti tumelipia. Lala Dar mkuu. Kesho yake panda basi la asubuhi, na hapa sikia vizuri: usikate mpaka Arusha mjini ukaanza kurudi nyuma. Basi linapita Usa River kabla ya kufika mjini, mwambie konda akushushe hapo. Gesti zipo, na barabara ya kwenda hifadhini inachepuka hapohapo.

Miezi sasa. Minada ya korosho inaanza Oktoba, na wewe unajua chama cha msingi, kile cha ushirika wa wakulima, kikisema wiki hii hela inaingia maana yake nini, kwahiyo mpaka ushike chako mkononi ni Desemba huko. Vizuri tu, kwasababu Oktoba mpaka Desemba kaskazini wana mvua za vuli, kitu ambacho sisi hatuna, sisi mvua yetu ni moja. Nenda Januari au Februari. Huku kwetu inanyesha, kule kukavu na mlima unauona. Machi mpaka Mei usithubutu, si kwa ajili ya Arusha tu, ni barabara yetu hii ya kusini kwenda Dar. Mnakumbuka Mei 2024 kimbunga Hidaya kilivyotukata pale Somanga, magari yamepanga foleni siku na siku.

Juni na Julai baridi. Nyie wa Newala mnajidai mmezoea ukungu, haya, mtaniambia. Waifu alibeba vitenge viwili na kikoi, saa kumi na mbili asubuhi pale chini ya mlima Meru anatetemeka mpaka dereva akamvulia koti lake. Mlima ule una zaidi ya mita 4,500 na upepo wake unakushukia shingoni.

Gharama: kiingilio chenyewe kwa Mtanzania hakitakuumiza, kinachokula hela ni gari. Beba kitambulisho cha NIDA wote wawili, bila hicho utaanza kubishana uraia wako getini. Na keshi hawapokei, unalipa kwa kadi au kontroo namba, kwahiyo weka salio kwenye simu kabla. Sisi tulikodi Noah ya jamaa mmoja, tukakubaliana "kila kitu ndani". Kufika geti la Ngongongare kila kitu kumbe ni mafuta na yeye mwenyewe! Kiingilio cha gari juu yetu, askari wa kutembea naye juu yetu. Tulinuniana na dereva mpaka tulipomuona twiga wa kwanza. Wewe muulize kimojakimoja: kiingilio chenu, cha gari, askari, chakula chake mchana. Aandike, hata kwa meseji.

Ndani sasa. Ukiingia tu kuna uwanda wa nyasi wanauita Serengeti Ndogo, pundamilia, nyati na ngiri wapo hapo. Halafu msitu wa kwenda kreta ya Ngurdoto, angalia juu utaona mbega, wale weusi wenye manyoya meupe marefu kama wamejifunga shuka. Kreta yenyewe ina upana wa kilomita kama tatu, hamruhusiwi kushuka, mnaangalia kutoka ukingoni. Nusu saa inatosha.

Muda wenu upelekeni maziwani. Yapo saba, na kila moja lina rangi yake, kwasababu maji yanatoka chini ya ardhi na madini yanatofautiana ziwa hadi ziwa, kwahiyo na mwani unaoota ndani unatofautiana. Unatoka kwenye la kijani unapanda kilima kidogo unakuta la bluu. Maji ya magadi. Kwenye Momella Kubwa tulisimama juu ya kingo, chini povu jeupe limeganda ufukweni kama sabuni ya kufulia, na heroe, wale mnaowaita flamingo, wameinamisha vichwa wote upande mmoja wanachuja. Waifu akaanza kuwahesabu kwa kidole, kafika mia na kitu, wakaruka kidogo wakajichanganya, akaanza upya. Dereva kachoka kusubiri. Mimi nilikuwa namwangalia yeye tu, heroe nimewaona kwenye picha baadaye. Ila heroe wanahamahama, siku nyingine utakuta wachache, usimuahidi mtu ziwa la pinki.

Momella Ndogo kuna mitumbwi ya kukodi. Viboko wapo humohumo. Waifu alikataa, akasema yeye kwao Kilwa mtumbwi si utalii.

Badala yake tukatembea na askari mwenye bunduki kwenda maporomoko ya Tululusia. Hii usiache, ndo sababu yenyewe ya kuchagua hapa. Kuna mahali askari alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, tukaganda, nyati kama thelathini wametukazia macho, hata nzi unamsikia. Waifu kanishika mkono na hakuuachia mpaka getini. Miaka tisa ya ndoa mkuu, nilisahau mkono wake ulivyo.

Simba hakuna humo, mwambie mchumba mapema asije akanuna. Chui yupo ila kumuona ni bahati.

Beba na korosho za kukaanga kilo moja. Tulipokaa kupumzika tulitoa na ming'oko, ile mizizi ya porini tunayokula huku kusini, askari akaigeuzageuza akauliza ni mizizi ya dawa? Korosho hakuuliza kitu, alikula mpaka zikaisha.