Wasomaji Wauliza: Maisha Baada ya Kiharusi

SWALI: Ndugu mtaalamu, salaam. Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, nina umri wa miaka 57. Miezi mitano iliyopita nilipata kiharusi kilichodhoofisha upande wangu wa kulia. Mguu umerudi kiasi cha kutembea kwa fimbo, lakini mkono umebaki nyuma: naweza kuinua kifundo kidogo na kukunjua vidole nusu, basi. Mara moja kwa wiki nahudhuria mazoezi hospitalini. Majirani wananiambia kwamba kisichorudi ndani ya miezi sita hakirudi tena, na mimi nimebakiza mwezi mmoja tu. Nyumbani mke wangu na wanangu wananifanyia kila kitu, hata shati wananivisha wao. Je, nikubali kwamba kazi yangu imekwisha?
Fundi, Morogoro

JIBU: Kaka yangu, usiuhesabu mwezi huo. Habari ya miezi sita ina ukweli ndani yake, ila imesimuliwa vibaya. Katika miezi mitatu ya mwanzo mgonjwa hurudisha mengi kwa haraka, kwa sababu uvimbe ndani ya ubongo hupungua na sehemu zilizozimia bila kufa huzinduka zenyewe. Baada ya hapo mwendo huwa wa polepole, na mgonjwa huona kama amekwama. Kinachopungua, hata hivyo, ni yale ambayo mwili ulikuwa ukiyafanya bila kuombwa. Yale yanayopatikana kwa kujifunza huendelea kupatikana, kwa kuwa seli zilizokufa hazifufuki lakini sehemu za ubongo zilizosalimika zinaweza kufundishwa kazi mpya, kwa sharti kwamba zifanyishwe kazi hiyo hasa, na zirudie mara nyingi kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Mtafiti wa Marekani, Edward Taub, aliwachunguza nyani waliopoteza hisia katika mkono mmoja, akaona kwamba mnyama aliyejaribu mkono huo akashindwa mara kadhaa huuacha moja kwa moja, hata kama bado anaweza kuutumia. Binadamu naye hufanya vivyo hivyo. Kutokana na uchunguzi huo ilitengenezwa tiba ambayo mkono mzima, yaani ule usioathirika, huvishwa glavu nene kwa sehemu kubwa ya mchana, muda wa wiki mbili, huku mkono dhaifu ukifanya mazoezi kwa saa nyingi chini ya uangalizi. Matokeo ya jaribio kubwa la tiba hiyo yalichapishwa mwaka 2006. Walishiriki watu 222 ambao kiharusi chao kilikuwa na umri wa kati ya miezi 3 na 9, yaani watu walio mahali ulipo wewe sasa na hata mbele yako. Baada ya mwaka mzima, waliopewa tiba hiyo bado walikuwa wakiutumia mkono vizuri zaidi kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida. Walichaguliwa wale walioweza kuinua kifundo cha mkono na kukunjua vidole walau kidogo, na kwa jinsi ulivyojieleza, huenda ungekuwa miongoni mwao. Mwombe mtaalamu wako wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, akupime kwa jicho hilo. Usijifunge mkono mzima mwenyewe nyumbani, kwa maana ndio unaoshika fimbo, na kuvunjika nyonga kutakurudisha nyuma kuliko ulikotoka.

Kuhusu wingi wa marudio, nakuomba uusome mfano huu kwa makini. Mwaka 2009 watafiti walichapisha hesabu ya mazoezi ya mkono yanayofanywa katika vituo vya Marekani na Kanada, nchi zenye vifaa na wataalamu kutuzidi kwa mbali, wakakuta kwamba katika kipindi kimoja mgonjwa hurudia tendo la mkono kwa wastani wa mara 32 tu, ilhali wanyama wa maabara waliorejesha uwezo walirudia mamia ya mara kwa siku. Kwa hiyo kipindi chako kimoja cha wiki, hata kiwe kizuri namna gani, ni mahali pa kupokea maelekezo. Mazoezi yenyewe yako nyumbani.

Na yafanane na kazi yako. Hakuna aliyejifunza kukata kola kwa kupunga mikono hewani, na ubongo wako nao haujifunzi hivyo. Hamisha vifungo kutoka kisahani kimoja hadi kingine. Kandamiza kitambaa kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukichora kwa chaki. Kunja nguo, zungusha gurudumu la cherehani lisilo na uzi, shika na uachie kibonge cha nyuzi. Fanya kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, upumzike kabla hujachoka kabisa, kwa sababu uchovu wa baada ya kiharusi ni mzito na haufanani na uchovu wa kazi. Wagonjwa wengi huniambia kwamba ndio unaowaumiza zaidi, kwa vile hauonekani na watu huuita uvivu. Mkasi mzito uje baadaye. Kama mkono umepungukiwa na hisia, usiusogeze kwenye sindano inayokimbia wala kwenye pasi ya mkaa.

Sasa mke wako na watoto. Najua wanakuvisha shati kwa upendo, na natamani wasome maneno haya bila kuona kwamba nawalaumu: kila tendo wanalokufanyia, ambalo ungeweza kulifanya nusu, ni zoezi wanalokunyima. Jivishe mwenyewe. Ingiza kwanza mkono dhaifu kwenye shati, kisha ule mzima, na wakati wa kuvua anza na mzima. Ikichukua robo saa, wakuachie hiyo robo saa. Jambo moja wasilifanye kamwe ni kukuinua kitandani kwa kuvuta mkono ulioathirika au kukushika kwapani, kwa sababu bega ambalo misuli yake imelegea huteguka kwa urahisi, na maumivu yake yanaweza kukukalisha miezi bila mazoezi.

Siwezi kukuahidi kwamba vidole vitarudi kutarizi kanzu. Ningekudanganya. Lakini karakana ina kazi nyingi, nami nakushauri uanze kwenda dukani hata saa moja kwa siku sasa hivi, upime wateja, usimamie vijana wako, uguse vitambaa. Usingoje upone ndipo urudi kazini.

SWALI: Assalamu alaykum. Mamangu ana miaka 63. Tangu apate kiharusi hatamki neno ila "na, na, na". La kutushangaza ni kwamba akiswali husoma Alhamdu yote bila kukosea, lakini maji ya kunywa hawezi kuomba. Jamaa wengine wanasema ana jini, wengine kwamba anatufanyia kusudi. Tena hulia ghafla, hata akiingia mgeni tu. Tufanyeje?
Binti yake, Mombasa

JIBU: Waalaykumu salaam, mwanangu. Mama hana kusudi lolote, na jambo unalolieleza linajulikana vyema na madaktari wa ubongo. Kwa watu wengi, uwezo wa kutunga maneno uko upande wa kushoto wa ubongo. Mwaka 1861 daktari wa Kifaransa, Paul Broca, alieleza habari za mgonjwa ambaye kwa miaka mingi alitamka silabi moja tu, "tan", ilhali alielewa mengi aliyoambiwa. Maneno yaliyohifadhiwa tangu utotoni, kama sura za Qurani, hesabu ya moja hadi kumi, siku za wiki, nyimbo na hata matusi, hayatungwi upya kila yanaposemwa, hivyo yanaweza kusalimika pale ambapo sentensi mpya imepotea. Ndiyo maana Alhamdu inatoka na maji hayatoki. Waeleze jamaa hivyo hivyo. Wakitaka kumfanyia kisomo hakina madhara, mradi kisichukue nafasi ya dawa na kliniki.

Wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache katika nchi zetu, kwa hiyo hata mkimpata kwa ziara chache, mmoja wenu ahudhurie ili ajifunze na apime ni kiasi gani mama anaelewa. Wakati huo huo, zimeni televisheni mnapozungumza naye, semeni sentensi fupi kwa sauti ya kawaida, maana yeye si kiziwi, muulizeni maswali ya ndiyo au la, mwonyesheni kikombe na leso aashirie anachotaka, kisha mngojeeni. Msimkatize, na msimzungumzie mbele yake kana kwamba hayupo. Asome, ahesabu, aimbe pamoja nanyi kila siku. Wataalamu wengine huanzia kwenye sauti ya wimbo ili kuyavuta maneno.

Kulia kwa ghafla kunakokoma upesi mkibadili mazungumzo mara nyingi hutokana na jeraha la ubongo lenyewe. Lakini kama halali usingizi, hali chakula, na amekataa mambo aliyoyapenda, mwambieni daktari, kwa sababu takriban theluthi ya waliopata kiharusi hupatwa na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, nayo inatibika. Mgonjwa mwenye sonona hafanyi mazoezi, na hawezi kusema kwa nini.

SWALI: Nafanya kazi Muscat. Baba yuko Tanga, alipata kiharusi mwaka jana. Nataka kumtumia mashine ya umeme inayotikisa miguu. Itamsaidia kutembea?
Kijana wa Tanga, Muscat

JIBU: Mwanangu, mashine inayomtikisa mtu aliyeketi haiufundishi ubongo wake kutembea. Fedha hizo zinunue kipimo cha presha cha kufunga mkononi, dawa zake za kila mwezi bila kukosa, vyuma vya kushikilia chooni na bafuni, na nauli ya kwenda kwenye mazoezi. Presha isiyodhibitiwa ndiyo chanzo kikubwa cha kiharusi cha pili, na cha pili huvunja yale yote aliyoyajenga. Ndugu zako waandike vipimo katika daftari, liende kliniki pamoja na mzee, na wewe wakutumie picha ya ukurasa kila wiki.