Mdogo wangu, angalia unakunywa chai kwa nani

Juzi kijana wa Bunia, mji mkuu wa mkoa wetu wa Ituri, mashariki mwa Kongo, ameniandikia. Amepata kazi ya ukalimani kwa walinda amani, anapelekwa Djugu, mkoani humohumo, anaomba ushauri. Nimeusoma ujumbe wake mara tatu, maana kazi hiyo niliifanya miaka minne.

Vita vya Wahema, wengi wafugaji, na Walendu, wengi wakulima, vya 1999 hadi 2003 vilinikuta mtoto. Juni 2003 Wafaransa walipoingia Bunia na Operesheni Artemis, jeshi la Umoja wa Ulaya la kulinda raia, mama akathubutu kwenda sokoni. Tangu hapo naamini kwamba askari wa mbali, asiye na shamba wala ng'ombe Ituri, anaweza kusimama katikati. Doria ikipita siku ya soko, Mlendu analeta maharage, Mhema anapandisha samaki wa Ziwa Albert, wanauziana.

Ila huyo mgeni hajui lugha zetu. Wewe ndiye masikio yake, na watu wanakuangalia wewe kabla ya yeye.

Mimi niliharibu. Kila asubuhi nilisimamisha gari kwenye kibanda cha mama mmoja Mhema. Chai ya maziwa, mandazi ya moto. Wiki tatu hivyo. Kisha tukaenda kwa Walendu kuandaa kikao cha malisho. Viti vimepangwa, hakuna aliyekaa. Papa mmoja, mzee wao, mikono nyuma, akaniambia: "Maziwa mnayokunywa kule yametoka kwa ng'ombe waliokula maharage yangu." Kamanda akauliza amesema nini. Nikamwambia mzee ana wasiwasi kidogo. Nusu nyingine niliimeza, na inaniuma mpaka leo. Kikao kilikufa palepale.

Miezi miwili nilimrudia papa yule, nikamtafsiria kamanda kila neno. Siku aliyoniletea kiti mwenyewe, nililia ndani ya gari. Kikao kikafanyika, na nasema kwa fahari: mkalimani nilikuwa mimi.

Kwa hiyo tafsiri yote, hata matusi. Kunywa chai pande zote mbili au usinywe popote. Usimpakie ndugu yako kwenye gari la doria. Na usimwahidi mtu ulinzi usio wako: Februari 1, 2022 wanamgambo wa CODECO waliua watu wapatao 60 Plaine Savo, kambi ya waliokimbia vita, hukohuko Djugu, na waliofiwa hawasahau nani aliwaambia walale bila hofu. Ugomvi wa ardhi nao doria haiumalizi. Waachie wazee wa pande zote wakae, wewe fikisha maneno.

Ukifika, niandikie uko kijiji gani. Nitakuambia uanze kumsalimia nani.