Shangazi, siku ya tano nageuka mtu mwingine

*Shangazi, nimemaliza dozi ya pili ya kemo kwa saratani ya matiti. Siku za mwanzo nina nguvu ila usingizi hauji. Ikifika ya tano naanguka: nalia, nafokea wanangu, kila chakula kina ladha ya chuma. Wiki iliyopita nilipata homa usiku, nikameza parasetamoli nikanyamaza, sikutaka kuwasumbua watu tena. Wote wananiambia nijipe moyo. Nataka kuacha. – Mama wa wawili*

Pole sana, mwanangu. Nianze na homa, maana hiyo ndiyo iliyonishtua.

Kemo huwinda seli zinazogawanyika upesi, na uboho wa ndani ya mifupa, unaotengeneza chembe nyeupe za damu, nao umo humo. Chembe hizo huporomoka, mara nyingi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu. Ndizo askari wa mwili. Zikipungua, hata usaha hauonekani, kwa kuwa usaha wenyewe huundwa nazo. Homa inaweza kuwa ndiyo dalili pekee uliyonayo, na parasetamoli huificha huku maambukizi yakiendelea. Kwa hiyo pima joto kabla ya kumeza chochote. Ukifika nyuzi 38, au ukitetemeka kwa baridi hata kama hujafika, piga simu hospitali saa hiyo hiyo, na neno la kwanza liwe "niko kwenye kemo", kisha tarehe ya dozi ya mwisho. Usingoje kukuche, mtu huzidiwa ndani ya saa chache. Ile ya wiki iliyopita nayo waambie leo, hata kama ilipoa.

Haya, tuje kwenye siku ya tano. Tazama orodha yako ya dawa. Kama kuna deksamethasoni, steroidi inayotolewa kuzuia kichefuchefu na mzio, yaelekea ndiyo inayokunyima usingizi na kukupa nguvu za kuazima. Ikikatika, wengi huanguka: uchovu, machozi, hasira. Sisemi huzuni yako yote imetoka kwenye kidonge. Unaogopa, na una haki. Hao wa "jipe moyo" wakati mwingine wanajituliza wao. Muulize daktari kama deksamethasoni hiyo inaweza kumezwa asubuhi tu, au kupunguzwa taratibu. Usiikate mwenyewe.

Chukua daftari. Siku ya dripu iwe ya 1, na kila siku andika joto, usingizi, choo, na hali ya moyo kwa alama 0 hadi 10. Choo nakitaja kwa sababu ondansetroni, dawa ya kuzuia kutapika, hufunga tumbo na watu huona haya kusema. Dawa za kuzuia kutapika zimeze kwa saa ulizoandikiwa. Kichefuchefu kikishashika, kukituliza ni kazi. Kwa mdomo, nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji vuguvugu, sukutua mara nne kwa siku, na mswaki uwe laini. Ladha ya chuma hupungua kidogo ukitumia kijiko cha mbao au plastiki.

Wanao waonyeshe kalenda, mtie alama pamoja siku zile mbaya. Waambie: "Siku hizi mama anachoka na sauti inapanda, si kosa lenu." Mtoto asipoelezwa hujitafutia sababu, na mara nyingi hujiona yeye ndiye.

Kuhusu kuacha, usiamue siku ya tano. Kama mzunguko wako, yaani toka dozi moja hadi nyingine, ni wa siku 21, lifikirie siku ya 18, ukiwa umelala na kula. Nenda na daftari, uulize: tiba hii inalenga kuponya au kupunguza makali ya ugonjwa tu? Zimebaki dozi ngapi? Tukipunguza kipimo au tukichelewesha wiki moja, napoteza nini? Na kama hata siku zako nzuri zimejaa giza, au unawaza kufa, hilo liseme leo, usingoje ya 18.