Maswali ya Wasomaji: Wikiendi ya Milimani kutoka Muscat

*Salaam aleikum. Tuko marafiki watano, Watanzania na Wakenya, sote tunafanya kazi Muscat. Tunataka Ijumaa na Jumamosi tuzunguke Nizwa, Jebel Akhdar, Misfat al Abriyeen na Jebel Shams. Gari letu ni saluni. Litatosha? — Msomaji, Muscat*

Waaleikum salaam. Kwa siku mbili, milima miwili mtaishia kuiona kupitia kioo cha gari. Chagueni mmoja. Sisi tungechukua Jebel Akhdar, kwa sababu juu kule kuna vijiji vinavyokaa watu na bustani za ngazi za kutembea kwa miguu.

Saluni itawafikisha Nizwa, Al Hamra na hata Misfat. Jebel Akhdar haitapanda. Ukishapita Birkat al Mawz kuna kizuizi cha polisi, na gari lisilovuta kwa matairi yote manne hurudishwa hapo hapo. Wataomba leseni na mulkiya (kadi ya usajili) ya gari, kwa hiyo mkikodi gari la kuvuta kwa matairi yote manne, hakikisheni mulkiya imo garini kabla ya kuondoka. Someni pia mkataba wa bima: nyingi hazilipi hasara iliyotokea nje ya lami.

Tokeni Muscat mara baada ya sala ya alfajiri. Nizwa ni mwendo wa saa moja na nusu hadi mbili, na mnada wa mifugo wa Ijumaa huwa umechangamka saa moja asubuhi. Ikifika saa tatu watu wanatawanyika. Wauzaji huzungusha mbuzi kwenye duara wakitaja bei huku wanatembea. Mnunuzi humsimamisha mbuzi, humfungua mdomo atazame meno, humpapasa mgongo, kisha humwachia aendelee. Simameni pembeni, msizibe njia ya duara, na ombeni ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Msalimieni mzee kwa Kiswahili bila woga. Familia nyingi za Oman zina ndugu Zanzibar, na huenda mkajibiwa vizuri kuliko mlivyouliza.

Kutoka sokoni ingieni ngomeni mapema, kabla ya sala ya Ijumaa kufunga shughuli za mji. Mnara wake mkubwa wa mviringo ulijengwa karne ya 17 na Imamu Sultan bin Saif, mtawala wa Oman aliyewatoa Wareno Muscat mwaka 1650. Fort Jesus ya Mombasa ilitekwa na Waomani mwaka 1698, enzi za mwanawe Saif.

Mchana pandeni Jebel Akhdar mlale huko. Jumamosi shukeni, mpite Misfat. Gari huachwa mwanzo wa kijiji, mabega na magoti yawe yamefunikwa, na maji ya falaji (mfereji wa jadi wa kumwagilia) msiyachezee wala kuyatia sabuni, maana ndiyo yanayonywesha mitende yote ya chini.

*Tulipanda Jebel Akhdar wenyewe mwaka jana. Wakati wa kushuka, kanyagio la breki lilianza kuzama na harufu ya kuungua ikajaa garini. Kosa lilikuwa wapi? — Msomaji, Seeb*

Kosa ni kushuka na gia ya D mguu ukiwa juu ya breki muda wote. Pedi na diski zinapata moto, moto unafika kwenye mafuta ya breki, yanachemka na kutoa mvuke. Mafuta hayabonyezeki, mvuke unabonyezeka. Ndiyo maana kanyagio linazama na gari halisimami.

Tangu mwanzo wa mteremko wekeni gia ya 2, na penye ukali zaidi gia ya 1 au L, injini iwe ndiyo inayoshikilia gari. Itanguruma kwa sauti kubwa, na hiyo ni kawaida. Breki ikanyageni kwa nguvu kwa muda mfupi, kisha muiachie, msiiburuze. Mkisikia harufu, egesheni mahali papana kwa dakika 20 hadi 30. Msimwage maji kwenye diski, zinaweza kupasuka. Breki zikikataa kabisa, barabara ile ina njia za dharura zilizochepuka kupanda juu. Ingieni humo bila kusita.

Jambo jingine, kwa wanaotoka jangwani: upepo wa matairi mliopunguza kwa ajili ya mchanga urudisheni kabla ya mlima. Tairi laini linabonyea ubavuni, na jiwe lenye ncha linachana ubavu, pasipozibika. Na mvua ikitajwa, msiingie wadi (bonde la mto mkavu) hata kama juu yenu ni jua. Mafuriko hutoka mbali, na kuvuka wadi linalotiririka ni kosa la jinai. Namba ya dharura ni 9999.

*Maharage yetu hayakuiva kule juu, na wali ulibaki na kiini. Gesi ilikuwa ya kutosha. — Msomaji, Muscat*

Gesi haina lawama. Sayq, huko Jebel Akhdar, iko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na hapo maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100. Kuongeza moto kunakausha maji tu, hakuongezi joto lake. Maharage chemsheni nyumbani mpaka yaive, mkayaunge huko. Mchele uloweke dakika 30, ongezeni robo kikombe cha maji kwa kila kikombe cha mchele, funikeni sufuria kwa mfuniko unaobana na jiwe juu yake. Kingeni jiko na upepo kwa kuegesha gari ubavu, mita mbili tatu kutoka kwenye moto, upande ambao tangi la mafuta halipo.