Laini ya shawa si ya kuchaji gari

Jumanne fundi mmoja wa Kakamega alinitumia meseji, ati mteja wake amenunua Nissan Leaf, gari ya umeme, na anataka kuichaji nyumbani, sasa anauliza kama anaweza kutoa stima kwa laini ya instant shawa juu waya ni nene na breka iko. Nilicheka, halafu nikanyamaza, juu hiyo ndiyo akili niliyokuwa nayo.

Kazi yangu ya kwanza ya hizi gari ilikuwa hapa Nakuru, Milimani, kwa mwalimu mmoja mstaafu. Gari ilitoka Japani na kebo yake ya 200V, 15A. Nikakata plagi nikafunga ya 13A, nikavuta waya ya 2.5mm² kutoka soketi ya jikoni hadi gereji, nikatesti dakika kumi, nikalipwa nikaenda nyumbani nikijiona injinia. Saa tisa usiku simu ikalia: "Kijana wangu, kuja uone umenifanyia nini." Soketi imeyeyuka, upande wa live umekuwa kahawia kama mandazi iliyosahaulika kwa mafuta, plagi imeshikana nayo haitoki hata kwa bisibisi. Na breka haikutripu! Ingetripu aje, ilikuwa ya 20A na gari inavuta 15A.

Shawa inavuta zaidi ya 20A lakini unaoga dakika kumi, waya inapoa. Leaf ya betri ya 24kWh ukiichaji kwa 3kW ni kama masaa nane bila kupumzika, na skrubu moja ikiwa imelegea joto linajikusanya hapo hapo mpaka asubuhi. Hiyo ndiyo nilikuwa sijui, na sikuuliza mtu.

Mwalimu alitafuta fundi mwingine, na huyo jamaa alinitangaza mjini kama tangazo la mazishi. Sawa tu.

Wiki jana nimemaliza chaja ya 7kW kule Kiamunyi, kazi safi, nimeipiga picha kama harusi. Kwa hivyo ndugu yangu wa Kakamega, vuta laini yake pekee kutoka konsyuma yuniti (boksi ya breka), breka yake, waya ya 6mm², ama 10 kama gereji iko mbali. Ethi pima kwa mita, wacha mambo ya kutesti na balbu. RCD, ile breka inayokata stima ikivuja, ya type AC usiweke, stima ya DC ikivuja kutoka kwa gari inaipofusha, weka type B, ama type A kama chaja yenyewe inakata DC ikivuja kufika 6mA. Angalia pia fyuzi ya mains kabla hujaahidi mtu 32A na shawa na kuka ziko kwa hiyo hiyo fyuzi. Na kama huna leseni ya EPRA, mamlaka ya kawi, tafuta mwenye nayo mfanye pamoja, wacha kiburi. Mteja akisema ni ghali, funga tulubeksi uende, kweli, enda, laini yake pekee, usirudi kwa shawa.

Ile soketi bado ninayo, iko chini ya tulubeksi. Mwalimu tulikutana sokoni mwezi jana, akanisalimia vizuri, akauliza watoto. Ya gari hakuuliza.