Maswali ya wasomaji: Niliomba kazi ya ugadi wa treni, sikuitwa

SWALI: Shikamoo Mama. Nina miaka 26 na ni karani wa bohari ya dawa. Mwaka jana niliomba kazi ya ugadi wa treni, sikuitwa hata kwenye usaili. Barua yangu ilianza hivi: "Tangu utotoni napenda treni. Ni mchapakazi, mchangamfu na napenda kuhudumia watu." Sasa nafasi zimetangazwa tena. Niandike nini safari hii? Navaa miwani, na sauti yangu ni ndogo, sijui kama nitaweza kusema na behewa zima. Kuna jingine linaloninyima usingizi: kazini nilipewa onyo la mdomo kwa kukataa kutoa maboksi ya dawa kabla fomu haijasainiwa, na mkubwa wangu alikuwa na haraka. Nilifiche hilo?
Karani wa Bohari

JIBU: Marahaba mwanangu. Naanza na hilo la mwisho, maana ndilo lililonifanya nikujibu wewe kabla ya wengine. Usilifiche. Hilo ndilo la kuandika kwenye maombi yako.

Mtazame gadi treni ikiwa kituoni. Abiria wamepanda, saa ya kuondoka imefika, dereva yuko tayari, na wa jukwaani wanatazama saa zao. Gadi anahakikisha ishara ya njia imeruhusu, anafunga milango, kisha anaikagua treni kwa macho kutoka kichwa hadi mkia, asije akaacha mkanda wa mkoba umebanwa mlangoni au mtu kaegemea behewa. Akisharidhika, ndipo anampa dereva ruhusa, kwa kengele, bendera au taa, kulingana na utaratibu wa reli yake. Akiwa na shaka, haitoi. Watu watanung'unika, watagonga vioo, na yeye haitoi. Nimeifanya kazi hiyo hadi kustaafu, na sijaona sifa inayoipita hii: kuweza kusema "bado" wakati wote waliokuzunguka wanataka kusikia "twende". Wewe ulishasema "bado", na mbele ya mkubwa wako.

Basi liandike tukio lenyewe. Fomu ilikosa nini, ulimwambiaje mkubwa wako, alijibu nini, ulimtafuta nani wa kusaini, mzigo ulitoka saa ngapi. Na onyo ulitaje pia. Kama lilihusu namna ulivyosema naye, sema hivyo, na ueleze leo ungetumia maneno gani ukiwa na msimamo uleule. Mwajiri wa reli anataka mtu atakayeshika utaratibu bila kumvunjia heshima dereva wala abiria, na hayo mawili hayakai pamoja kwa urahisi.

Ile sentensi ya utotoni iondoe. Si kwamba ni vibaya kupenda treni, mimi nazipenda mpaka leo. Lakini haimwambii msomaji lolote kuhusu utakachofanya treni ikisimama gizani katikati ya vituo viwili. "Mchapakazi" na "mchangamfu" nayo ni maneno ambayo kila mwombaji huandika. Weka mahali pake jambo moja ulilolifanya bohari, kwa mfano namna unavyokagua tarehe za kuisha kwa dawa mzigo ukiingia.

Ukitaka kuelewa kwa nini waajiri hawa ni wagumu, soma habari za Armagh, Ireland, mwezi Juni 1889. Treni iliyojaa watoto wa shule ya Jumapili na wazazi wao ilishindwa kupanda mlima. Wafanyakazi wakaamua kuikata, wapeleke mabehewa ya mbele kwanza na kurudi kuchukua ya nyuma. Breki zake hazikuwa za kujishika zenyewe mabehewa yakikatwa, hivyo sehemu ya nyuma ilibaki ikitegemea breki ya mkono ya gadi na mawe yaliyotiwa nyuma ya magurudumu. Mabehewa yakaponyoka, yakateremka kinyumenyume na kugongana na treni iliyokuwa ikifuata. Walikufa watu takriban 80. Mwaka huohuo bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kulazimisha treni za abiria ziwe na breki zinazoshika mabehewa yote kwa pamoja, na zinazojishika zenyewe treni ikikatika. Ndiyo maana breki hujaribiwa kabla ya safari, na ndiyo maana mkiani mwa treni huwekwa taa nyekundu: mtu wa kituoni akiiona inapita, anajua hakuna behewa lililobaki njiani. Utakapofundishwa kuikagua taa hiyo kila mara, hata pale unapojua kwamba inawaka, wakumbuke watoto wale.

Sasa mitihani. Sehemu nyingi kuna majaribio ya umakini, na moja linalojulikana sana ni karatasi iliyojaa makundi ya nukta, ambapo unaweka alama kwenye makundi ya nukta nne tu huku saa ikikimbia. Wengi huharakisha mwanzoni, wakaanza kuruka mistari. Wewe uliyezoea kuhesabu maboksi una nafasi nzuri. Chagua mwendo utakaouweza hadi mwisho na usirudi nyuma kujikosoa. Jaribio jingine ni kusikiliza maelezo ya utaratibu fulani, kisha kujibu maswali kwa kumbukumbu. Zoezi lake unaweza kulifanya nyumbani: mwombe mtu akusomee kurasa mbili za maelekezo ya mashine yoyote, usubiri kidogo, kisha uandike hatua zote kwa mpangilio wake.

Kwenye usaili tarajia maswali ya "tueleze siku ambayo..." Usijibu kwa "mimi huwa nafanya". Eleza siku moja, kazi moja, watu waliokuwepo. Wakikuuliza kuhusu abiria mkali asiye na tiketi, usijifanye askari. Gadi anayegombana na mtu mmoja hadi akasahau milango amewaacha abiria wengine wote bila mwangalizi.

Miwani kwa kawaida haizuii, mradi ukiivaa unafikia kiwango chao cha kuona. Kinachowazuia wengine ni kutoweza kutofautisha rangi. Baada ya treni kugongana Lagerlunda, Sweden, mwaka 1875, daktari Frithiof Holmgren alishikilia kwamba huenda mtu alishindwa kutofautisha taa nyekundu na kijani, akaanza kuwapima wafanyakazi wa reli kwa nyuzi za sufu za rangi mbalimbali. Leo hutumika sana picha za nukta za rangi alizozitoa Mjapani Shinobu Ishihara mwaka 1917. Nenda ukapimwe kabla ya kutuma maombi, ujue mapema. Masikio nayo hupimwa, na kazi za usalama wa reli huambatana na vipimo vya pombe na dawa za kulevya. Kwenye hilo hakuna kubembelezana.

Sauti ndogo isikutishe, kipaza sauti kipo. Shida ya magadi wapya ni kunyamaza kwa sababu hawana habari kamili. Treni ikisimama, waambie abiria mambo matatu: nini unachokijua, nini kinafanywa, na utasema nao tena baada ya muda gani. Muda huo ukifika, sema nao hata kama hakuna jipya. Kwa mazoezi, fuata wanavyofanya makondakta wa treni Japani: wanaonyesha kwa kidole kile wanachokikagua na kukitaja kwa sauti. Ukifanya hivyo bohari kwa kila boksi, baada ya muda hutashtuka tena kusikia sauti yako mbele za watu.

Na wakalishe walio nyumbani kwako mzungumze habari za zamu kabla hujatuma barua. Utaamka alfajiri wiki hii, wiki ijayo utarudi usiku wa manane, na sikukuu nyingi utakuwa njiani. Nimeona vijana hodari wakiacha kazi kwa sababu ya hilo peke yake.

SWALI: Mama, nasikia treni za kisasa hazina gadi. Kuna faida gani kuomba kazi inayokufa?
Mwenye Mashaka

JIBU: Ni kweli kwamba ziko njia zisizo na gadi, na si jambo la jana. Njia ya Victoria ya treni za chini ya ardhi London ilifunguliwa mwaka 1968 bila magadi tangu mwanzo, na kufikia mwaka 2000 magadi walikuwa wameondolewa katika njia zote za mtandao ule. Mimi sikubaliani na wanaosema kamera inatosha. Kamera humwonyesha dereva mlango, lakini haiendi kumshika mkono mzee aliyeanguka behewa la sita.

Lakini wewe umeuliza kuhusu kuomba kazi, basi soma tangazo kwa makini, usiishie kwenye cheo. Wengine huandika gadi, wengine kondakta, wengine mhudumu wa treni. Tafuta kwenye orodha ya majukumu: nani anafunga milango, nani anatoa ruhusa ya kuondoka, nani anakwenda kuweka baruti za tahadhari kwenye reli treni ikikwama, zile zinazolipuka kwa mlio zikikanyagwa ili kuionya treni inayokuja. Kama hayo yamo, ni kazi ya usalama, utafundishwa kanuni na kupimwa tena mara kwa mara, na ujuzi huo utakufaa hata ukitaka baadaye kuwa dereva au kuhamia chumba cha kuongozea treni. Kama yaliyomo ni tiketi na vinywaji tu, uliza kwenye usaili kama kuna njia ya kupanda kwenda kwenye kazi za usalama, na jibu uliandike papo hapo.